Kukimbia Mbele ya Askari

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na minne alipoanza kupoteza mbio zake, na mimi mama yake sikuliona hilo. Aliyeliona ni mwalimu wake wa mazoezi ya viungo. Alikuja hospitalini siku ya kliniki, akapanga foleni pamoja na kina mama wenye watoto mgongoni, kana kwamba naye ameleta mtoto wa kupimwa uzito.

"Sista," akaniambia zamu yake ilipofika, "msichana wako ni mgonjwa?"

"Anakula kama mchimba visima."

"Basi miguu yake ina nini?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Haikimbii," akasema. "Anaanza vizuri, akifika katikati anapunguza, halafu anafika kwenye ubao kama mtu anayepanda ngazi. Mashindano ni mwezi ujao, Nairobi. Akiliendea lile sanduku polepole hivyo, siku moja atatua kwa shingo. Sista, mimi sitampeleka hivyo. Nakwambia mapema ili usije ukasikia kwa watu."

Nieleze kwanza, maana najua wengi hawajawahi kuuona mchezo huu kwa karibu. Sanduku la kurukia ni sanduku kweli, la mbao, refu kufika kifuani mwa mtoto, limefunikwa ngozi au turubai juu yake. Mchezaji hukimbia kwa nguvu zake zote, hukanyaga ubao ulio mbele ya sanduku kwa miguu miwili, huweka mikono juu, na miguu hupita hewani juu ya kichwa mpaka atue upande wa pili akiwa wima. Watu hupiga makofi kwa ajili ya ule mpinduko. Lakini mpinduko ni zawadi tu; kazi yote imeshafanywa na mbio. Asiyekimbia hapandi juu, na asiyepanda juu hana nafasi ya kumaliza kuzunguka kabla ardhi haijamfikia. Kwa hiyo mwalimu aliposema shingo, hakuwa akinitisha.

Tulikuwa tukiishi Garissa, katika miaka ile ya vita vya shifta, jeshi lilipokuwa likiwasaka waasi wa Kisomali. Mimi nilikuwa mkunga katika hospitali, mume wangu karani katika ofisi ya mifugo. Tulikuwa tumehamishiwa huko kutoka, kama majirani zetu walivyosema, "Kenya", maana kwao Kenya ilianzia ng'ambo ya Mto Tana. Binti yetu alikuwa ameanza kusimama kwa mikono tangu hajang'oa meno ya utoto. Alikariri hesabu za kuzidisha akiwa ameegemeza miguu kwenye ukuta wa jikoni, nywele zikifagia sakafu. Jirani yetu, mama wa Kisomali aliyeuza maziwa ya ngamia, alizoea kusimama mlangoni na chombo chake, akimtazama na kutikisa kichwa.

"Abaayo," aliniambia mara nyingi, yaani dada, "hii mtoto yako iko na mifuba ama iko na kamba ndani?"

"Ina mifupa, abaayo. Mimi mwenyewe niliihesabu siku ya kumzaa."

"Hesabu tena."

Mchana mmoja niliokuwa na nafasi nikaenda shuleni kutazama mazoezi. Uwanja ulikuwa kando ya barabara iendayo kambi ya jeshi, bila ua wala mti wa maana, na upande wa kutua mwalimu alikuwa amerundika mchanga wa mtoni. Nikakaa juu ya jiwe, mwavuli mkononi. Zamu ya binti yangu ikafika. Akaondoka kama jiwe la kombeo, na moyo wangu ukainuka, maana mtoto wako akikimbia hivyo unasahau kuwa ni yule yule anayekataa kuosha sufuria. Ndipo lori la jeshi likatokea barabarani na vumbi lake nyuma. Binti yangu akapunguza. Akaanza kutembea. Mikono akaishusha, akaitoa kidogo mbali na mwili, viganja vikiwa wazi. Lori likapita. Akarudi alikoanzia, akakimbia tena, akapaa, akatua mchangani wima kabisa.

Mwalimu akanigeukia. "Umeona? Mara yuko, mara hayuko."

Mimi nilikuwa nimeona zaidi ya hayo, kwa sababu ile mikono ilikuwa kazi yangu.

Mwaka uliotangulia, bwana mmoja mteka maji alikuwa sokoni punda wake alipokata kamba na kutimka, madebe yakigongana. Bwana yule akamkimbilia, kama mtu yeyote angefanya. Askari waliokuwa doria wakaona mtu anakimbia kutoka sokoni, na mmoja wao akapiga risasi hewani. Mteka maji alilala kifudifudi mavumbini muda mrefu. Hakuumia, Mungu asifiwe, na punda alirudi mwenyewe. Lakini siku hiyo jirani yangu alikuja kwangu bila chombo cha maziwa.

"Askari akiona mtu nakimbia," akasema, "hajui nakimbia kutoka nini. Hajui nakimbilia nini. Yeye najua nakimbia tu. Fundisha watoto."

Kwa hiyo tuliwafundisha, wake na wangu pamoja, uani kwangu. Yeye alikuwa askari, ameshika ufagio. Watoto walitakiwa kuja mbio kutoka jikoni, na yeye akipaza sauti, "Simama! Weye nani?" wanyamaze, watembee, mikono ionekane. Mwanzoni walicheka mpaka wakakaa chini, kwa sababu askari gani ana hina mikononi? Tukarudia, na kurudia, mpaka kicheko kikaisha na miguu ikajua yenyewe. Usikimbie ukiona gari lao. Usikimbie hata mvua ikikunyeshea. Usikimbie hata ukichelewa na saa ya kafyu inakaribia. Ni heri uchelewe ukitembea. Sikujuta kufundisha hivyo, na leo nikiwaona watoto wale walivyo watu wazima na wajukuu magotini, bado sijuti.

Lakini sasa nilikuwa nimekaa juu ya jiwe nikielewa kwamba nimemfundisha vizuri kupita kiasi. Mtoto niliyemzuia asikimbie mbele ya askari alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani, kwenda Nairobi kurukia sanduku, na kitu hicho chote ni kukimbia.

Nilizungumza naye. Hilo ndilo ninalolijua. Nimeeleza mambo magumu kwa wanawake walio katika uchungu, na wamenielewa. Nikamwambia kwamba uwanja wa shule ni mahali pa michezo, kwamba kila askari anajua watoto hukimbia hapo, kwamba mwalimu yuko pale na filimbi.

"Najua, mama," akasema.

"Basi?"

"Najua. Miguu ndiyo haijui."

Nikaenda kwa jirani. Nilimkuta anasafisha vyombo vya maziwa kwa moshi. Nikamweleza yote. Akafikiri, huku moshi ukimpanda usoni.

"Funga macho," akasema.

"Atakimbiaje akiwa amefumba macho? Atagonga sanduku."

"Si macho yake, weye! Macho ya barabara. Barabara isimwone, na yeye asiione."

Akaingia ndani akatoka na mikeka yake minene ya nyuzi za magome, ile ambayo Wasomali huitandika mgongoni mwa ngamia chini ya mzigo, na wakifika malishoni huifunikia nyumba. Ngamia wake walikuwa na mumewe upande wa Hulugho, na tangu itoke amri ya kukusanya watu na mifugo mahali pamoja hakuwa amepata habari zao. Mikeka ilikuwa imekaa tu. "Chukua," akasema. "Ifanye kazi. Ikikaa inakuwa na wadudu."

Mwalimu alisimamisha nguzo kando ya barabara, akafunga kamba, akaitundika mikeka ile safu nzima. Ilinuka ngamia na mafuta, na watoto walilalamika kwa kelele. Lakini nyuma yake binti yangu alikimbia. Malori yalipita, tukayasikia, na yeye hakuyaona, akakimbia. Baada ya wiki mbili mwalimu alirudi kliniki, safari hii bila kupanga foleni.

"Sista, anakwenda," akasema. "Anakwenda! Sijui umempa dawa gani."

"Harufu ya ngamia," nikamwambia. Jioni ile nilikanda chapati nyingi kuliko tulivyoweza kula, na nikapeleka sahani kwa jirani.

Mume wangu alibaki nyumbani na wadogo wa binti yetu; mimi niliomba ruhusa hospitalini nikafuatana na watoto kwenye msafara wa malori yenye ulinzi. Nilikuwa na sanduku la huduma ya kwanza mapajani, na safari nzima nilimtazama dereva jinsi alivyokanyaga alama za magurudumu ya gari lililotangulia, hasa zilezile, kwa ajili ya mabomu ya ardhini. Nilipumua tulipoufikia mwanzo wa lami. Watoto waliimba mpaka Nairobi. Binti yangu aliimba zaidi ya wote, na kwa sauti mbaya zaidi ya wote.

Mashindano yalikuwa kwenye uwanja mkubwa wa majani, wazi pande zote, na watu wamekaa kwenye ngazi za mbao. Mimi nilipanda juu kabisa ili nione. Kila mtoto alipewa nafasi mbili za kurukia sanduku. Walitangulia wasichana wa shule nyingine, warefu, na viatu vyeupe ambavyo wetu hawakuwa navyo. Nilikuwa nimeanza kufikiri habari za viatu wakati lango la ng'ambo lilipofunguliwa, na kundi la askari jeshi likaingia. Walikuwa wamekuja kuonyesha gwaride baadaye. Wakajipanga kungoja zamu yao, bunduki begani, nyuma kidogo tu ya magodoro ya kutua. Yaani anayelikimbilia sanduku alikuwa anawakimbilia wao, uso kwa uso.

Nilisimama. Nadhani nilisema kitu, kwa sababu bibi aliyekaa mbele yangu aligeuka.

Filimbi ikalia. Binti yangu akaanza kukimbia, hatua za kwanza nzuri kabisa. Halafu akainua macho. Niliuona mwili wake ukisikia lile neno, simama, ingawa hakuna aliyelisema. Akapunguza. Akaanza kutembea, mikono mbali na mwili, viganja wazi, katikati ya uwanja ule mkubwa, mpaka akafika kwenye ubao, akasimama. Watu wakaanza kucheka. Si kwa ubaya. Waliona kichekesho tu.

"Huyu amekuja kutalii!" mmoja akapaza sauti.

"Mpeni kiti apumzike!"

Msimamizi akaonyesha kwa mkono kwamba nafasi ya kwanza imepotea. Mimi nilikuwa nimeshaanza kushuka ngazi, nikikanyaga miguu ya watu na kuomba radhi. Kwenye kamba bwana mwenye beji akanizuia.

"Wazazi huku hawaruhusiwi, mama."

"Mimi ni nesi," nikasema, na kumwonyesha sanduku langu la huduma ya kwanza. Ulikuwa ukweli, ingawa haukuwa ukweli wote. Akanipisha.

Mwalimu alikuwa amechuchumaa mbele ya binti yangu, anamsemesha taratibu, na jasho linamtoka. Binti yangu alikuwa hajalia. Afadhali angelia. Alikuwa ananitazama kwa uso wa mtu aliyeshikwa na kosa.

"Mama, wana bunduki."

"Nimeziona."

"Wamesimama kule kule ninakokimbilia."

"Sikiliza mwanangu," nikaanza, na nikaeleza. Nikaeleza kwamba hapa ni Nairobi, hakuna hali ya hatari hapa, kwamba wale wamekuja kucheza gwaride kama yeye alivyokuja kucheza, kwamba huenda wenyewe wana mabinti. Alikubali kila neno. Aliitikia kwa kichwa pale panapotakiwa. Na nikiwa naeleza nikaona viganja vyake bado viko wazi, vimeelekezwa mbele, vinawangoja wale askari wavione. Maneno yangu yote yalikuwa yanaingia masikioni na kuishia pale. Yale ya kwanza hatukuyafundisha kwa maneno. Tuliyafundisha kwa miguu, uani, na ufagio.

Nikamkabidhi mwalimu sanduku langu. Nikavua viatu, viatu vyangu vya kanisani vyenye kisigino, nikampa navyo.

"Sista, unafanya nini?" akauliza.

"Mama," binti yangu akasema, kwa sauti nyingine kabisa. "Mama, usi—"

Nikakimbia. Nilikuwa mwanamke mnene wa makamo, na gauni la maua na kitambaa kichwani, na nilikuwa sijakimbia tangu nilipokuwa msichana wa umri wake. Nilikimbia juu ya majani, kando ya njia ya wachezaji, moja kwa moja kuwaelekea askari wale. Nitasema ukweli: nami nilikuwa nimeishi Garissa. Nilipoziona zile bunduki mbele yangu, magoti yangu yalitaka kutembea. Niliyakataza. Nyuma yangu uwanja mzima uliangua kicheko.

Askari walitazamana. Mkubwa wao, sajini mwenye masharubu, akapiga hatua moja mbele nilipofika mbele yake nikihema.

"Shikamoo mama," akasema. "Unakimbilia wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Nimefika."

"Hapa?"

"Hapa. Tunatoka Garissa. Yule msichana pale anaogopa kukimbia mbele yenu."

Hakucheka. Aliangalia mpaka kule mwisho wa njia alikosimama binti yangu, akamwangalia kwa muda, na nikaona ameelewa zaidi ya nilivyomwambia. Huenda naye alikuwa ametoka huko, au alikuwa na rafiki huko. Akageuka kwa watu wake, akatoa amri fupi. Bunduki zikashuka mabegani, wakazilaza kwenye majani kando ya miguu yao. Kisha akaanza kupiga makofi, na wenzake wakafuata, makofi ya gwaride, yenye mwendo mmoja.

"Sasa rudi, mama," akasema. "Na urudi mbio vile vile, aone."

Nikarudi mbio. Hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu, kwa sababu pumzi zilikuwa zimekwisha, na kitambaa kilikuwa kimenifunika jicho moja, na watu waliokuwa kwenye ngazi sasa walikuwa wananishangilia kama farasi. Binti yangu alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili.

"Umeona?" nikamuuliza, nikiwa nimeinama nimeshika magoti. "Wamenifanya nini?"

"Mama, kila mtu anatutazama!"

"Nimekuuliza, wamenifanya nini?"

"Hawajakufanya kitu. Mama, tafadhali, vaa viatu. Tafadhali."

"Nitavaa ukikimbia. Usipokimbia nakwenda tena."

Wenye watoto wa umri huo watanielewa. Kuna kitu kimoja ambacho mtoto wa miaka kumi na minne hukiogopa kuliko bunduki, nacho ni mama yake hadharani. Alinitazama kuona kama ninatania. Aliona sitanii. Filimbi ikalia.

Alikimbia. Alikimbia kama mtu anayekimbia jambo la nyuma yake badala ya la mbele, na sikujali hata kidogo ni lipi. Nilimwona akiinua macho katikati ya njia, mahali pale pale. Hakupunguza. Akakanyaga ubao kwa kishindo, miguu ikapita juu, na kwa kitambo kidogo niliona nyayo zake tu, nyeusi kwa udongo, zimeelekea mbinguni. Kisha akatua. Aliyumba hatua moja mbele, hatua moja zaidi, akasimama wima umbali wa mkono tu kutoka kwa sajini, mikono juu kama walivyofundishwa na mwalimu.

Sikuona tena vizuri baada ya hapo. Nilikuwa nimekaa chini kwenye majani, mwalimu amekaa kando yangu, ameshika viatu vyangu kifuani. Alikuwa anasema, "Shingo nzima, sista. Shingo nzima," na mimi nilikuwa naitikia, "Nzima, nzima," kama watu walio kwenye ibada.

Hakupata zawadi. Nafasi ya kwanza ilihesabiwa bure na ile ya pili ilikatwa kwa kuyumba, na wasichana wa viatu vyeupe walistahili ushindi wao. Hakuniuliza hata mara moja nani kashinda. Alichoniuliza ni kama nitamwambia baba yake kuhusu mimi kukimbia, na nilipomwambia kwamba nitamwambia baba, na wadogo zake, na mama wa maziwa, aliugua kwa sauti ambayo hata askari waliisikia.

Tulilala kwa dada yangu, katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Huko watoto walicheza nje mpaka giza likakolea, kwa sababu hapakuwa na kafyu ya kuwaingiza ndani. Dada yangu alikuwa anapika. Mimi nilikaa mlangoni, miguu ndani ya karai la maji ya moto. Niliwaona binamu wakifukuzana kuzunguka majengo, na yeye kati yao. Akapita. Akapita tena. Alikimbia kwenda dukani kutununulia chumvi, na alipoisahau akakimbia kurudi kuifuata. Kila alipopita mbele yangu nilijikuta nimefungua mdomo kusema polepole, na kila mara niliufunga.

"Ataanguka huyo," dada yangu akasema kutoka jikoni. "Hiyo barabara ina mawe."

Akaanguka, kweli. Alikuja akichechemea na kucheka, goti limechubuka, damu imeshuka mpaka kwenye soksi ya kuazima. Kwa miaka yote ya kupinduka na kuruka masanduku, hilo ndilo lilikuwa jeraha lake la kwanza la maana. Nikamkalisha juu ya meza ya dada yangu, nikafungua sanduku langu, nikamwosha kwa maji ya chumvi. Hakulalamika kwamba yanauma. Alikuwa anaongea tu, juu ya binamu mmoja aliyedhani anaweza kumshinda mbio, na jinsi alivyomwacha nyuma kabisa, na kwamba kesho atampa nafasi nyingine ajaribu.